Waimbaji chipukizi wajifunze kazi, si kuimba tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaotaka kuishi kwa kuimba, hasa wa hapa Mbeya, ambako kila siku tunaambiwa kwamba msanii hatoki mpaka ahamie Dar es Salaam. Kwamba vyombo vikubwa vya habari viko huko, sibishi. Lakini mimi ni fundi mitambo, nafunga vyombo vya muziki kwenye harusi na matamasha kuanzia Mwanjelwa hadi Tukuyu, na wengi niliowaona wakikosa kuitwa tena walikosa kwa sababu ya tabia, sauti wanazo.

Mwimbaji anaambiwa aje kujaribu sauti saa nane mchana, anafika saa kumi na mbili jioni wageni wamekwisha kuketi, mkononi ana flashi yenye biti ambayo hajawahi kuisikiliza kwenye spika kubwa. Mpiga kinanda akimuuliza anaimbia ufunguo gani, yaani wimbo uanzie sauti ya juu au ya chini kiasi gani, anajibu, "Anzeni tu kaka, nitawafuata." Anawafuata kweli, ila kwa mbali, na kwenye kiitikio sauti inamkwama kwa sababu wimbo umeanzishwa juu mno. Baadaye analaumiwa fundi mitambo.

Kinachonishangaza ni kwamba wengi wao wamelelewa katika kwaya za Moravian na za Kilutheri, zilizojaa huku kwetu na kwa jirani zetu wa Njombe na Iringa. Huko mwalimu hutoa sauti kwanza, kisha soprano, alto, tenor na besi hujifunza do-re-mi zao kila kundi peke yake, na katika kwaya yenye msimamo asiyehudhuria mazoezi haimbi Jumapili, hata awe na sauti nzuri kiasi gani. Kijana huyohuyo, wimbo wake mmoja ukishapigwa redioni, huona mazoezi ni ya wanaoanza, na usiku wa kuamkia shoo hukesha akinywa na kupiga kelele katika baridi ya Julai, halafu asubuhi anatafuta tangawizi.

Mikataba nayo imewaponza wengi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu anapoitunga kazi yake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, ipo, lakini ni vigumu kumsaidia aliyesaini karatasi ya meneja nyuma ya jukwaa bila kuisoma. Mtunzi, mwimbaji na prodyuza waandikiane mgawanyo wa mapato siku ileile ya kurekodi, wakiwa bado wanacheka pamoja.

Waandaaji nao wasijidhani wamepona, kwani anayemwita kijana aimbe bure "ili ajitangaze" hana uso wa kumdai nidhamu.

Nawaomba maofisa utamaduni wa halmashauri zetu wawakutanishe vijana hawa na walimu wa kwaya, wapiga vyombo na mwanasheria mmoja, walau kwa siku mbili, kabla ya harusi za Desemba kuanza.

Fundi mitambo,
Uyole, Mbeya