Wapigapicha, waacheni heroe wale

Mhariri,

Niruhusu niwasihi wenzangu wa Malindi tunaopiga picha za ndege. Pale Mto Sabaki unapoingia baharini nimeona watu wakipiga makofi na kurusha mchanga ili heroe waruke kwa pamoja, picha ipendeze. Ndege wale hula vichwa vikiwa chini, wakichuja maji ya tope kwa mdomo. Ukiwarusha, umewakatiza chakula. Na picha yenyewe hutoka migongo mitupu! Kaa chini, jua likiwa mgongoni mwako, utulie. Watasogea wenyewe.

Hata nyumbani, chozi akijenga kwenye mkomamanga wako, tafadhali usikate matawi yanayositiri kiota ili kamera ione vizuri. Kunguru wako juu ya mnazi, wanatazama.

Mpigapicha,
Mambrui