Nyanya aulizwe kwanza, ndipo apigwe picha ya matiti

Mhariri,

Oktoba ikifika, hema hupigwa sokoni, kipaza sauti hulia tangu saa mbili asubuhi, na wanawake wa kila umri hupangwa foleni moja kuchunguzwa saratani ya matiti. Binti wa miaka 30 yuko nyuma ya mama wa 55, naye mama yuko nyuma ya nyanya wa 82 aliyeshikwa mkono na mjukuu. Wote watatu wanaambiwa jambo moja: mapema ni bora. Kwa yule wa 55 ni kweli. Kwa yule wa 82 kuna maswali yanayotakiwa kutangulia, nayo hayaulizwi, si hemani, si kliniki.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja unaoua. Uchunguzi wa hemani ni wa mtu asiye na dalili yoyote. Mwenye uvimbe, chuchu iliyorudi ndani au inayotoa damu, ngozi ya titi iliyokunjana kama ganda la chungwa, kidonda kisichopona au tezi kwapani, huyo ni mgonjwa wa kutafutiwa jibu, hata akiwa na miaka 95. Kumwambia "ni uzee tu, mama" ni kosa. Kosa jingine ni kumpa antibiotiki mara ya pili na ya tatu kwa titi lililovimba na kuwa jekundu. Mama wa miaka 75 hanyonyeshi. Titi lake kuvimba hivyo kwa sababu ya usaha tu si jambo la kawaida, na dozi moja isipoleta nafuu ndani ya wiki moja au mbili, aandikiwe rufaa. Shirika la Afya Duniani linataka jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Antibiotiki tatu mfululizo zinaweza kula sehemu kubwa ya siku hizo.

Huyo akichukuliwa kipande cha nyama kwa sindano, kichupa chake kina masharti. Kipande kiingie kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, fomalini iwe mara 10 ya ukubwa wa kipande, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikitiwa maji ya chumvi, au kikizunguka siku nne mkobani mwa jamaa anayetafuta maabara ya bei nafuu, vipimo vya homoni huharibika. Na kwa mama mzee vipimo hivyo ndivyo tegemeo, kwa sababu saratani nyingi za umri huo huitikia dawa za homoni. Asiyeweza kuvumilia upasuaji anaweza kudhibitiwa kwa miaka kadhaa kwa kidonge kimoja kwa siku, tamoksifeni miligramu 20 au letrozoli miligramu 2.5, lakini daktari hawezi kukiandika kwa uhakika bila majibu hayo.

Sasa turudi kwa nyanya asiye na dalili.

Mwongozo wa kitaifa wa Kenya wa 2018 unapanga mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, kwa wanawake wa miaka 40 hadi 74. Marekani mwaka 2024 iliweka umri huohuo, kila baada ya miaka miwili, na ikasema ushahidi hautoshi kuamua upande wowote kwa aliyetimiza 75. Uingereza huwaita wanawake kila miaka mitatu hadi wakaribie 71, kisha anayetaka anaomba mwenyewe. Sababu ya ukomo huo si dharau kwa wazee. Majaribio makubwa yaliyoonyesha kwamba picha hizi huokoa maisha hayakuwasajili wanawake waliozidi miaka 74.

Lipo na suala la muda. Wanawake 1,000 wakipigwa picha, inachukua takriban miaka 10 kabla kifo kimoja hakijaepushwa. Ni kupanda mvule, si sukuma wiki. Usumbufu nao hausubiri: hofu, safari na sindano huanza wiki hiyohiyo. Tena picha huibua saratani ambazo zingelala tu ndani ya titi mpaka mwenyewe aage dunia kwa moyo au kwa nimonia, bila kujua kamwe kwamba alikuwa nazo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2023 ulikadiria kwamba, kati ya wanawake waliokuwa wakichunguzwa wakapatikana na saratani ya matiti, huenda 31 kwa kila 100 wa miaka 70 hadi 74 walikuwa na saratani ya namna hiyo. Kwa wenye 75 hadi 84 walikuwa 47, na kwa wenye 85 na zaidi 54. Kwa jicho la darubini hakuna anayeweza kuzitenga, kwa hiyo zote hukatwa na kutibiwa.

Ndiyo maana umri peke yake haujibu swali. Kuna dani (nyanya kwa Dholuo) wa miaka 78 kule Nyakach anayelima, anayebeba maji na ambaye mama yake alifika 100. Huyo miaka 10 anayo. Na kuna kukhu (nyanya kwa Kiluhya) wa 72 kule Butere ambaye moyo umechoka, miguu imevimba na amelazwa mara mbili mwaka huu. Huyu yumo ndani ya umri wa mwongozo, lakini picha haitamfaa.

Daktari au muuguzi anaweza kuwatofautisha kwa dakika tano. Anaweza kutembea mita 400, tuseme kutoka langoni hadi stejini, bila kupumzika? Anaoga na kuvaa mwenyewe? Pesa zake anazishika mwenyewe, na anajua chenji ya soko? Amelazwa hospitalini miezi 12 iliyopita? Ana kisukari, moyo kushindwa kazi, ugonjwa sugu wa mapafu, amewahi kuugua saratani, anavuta tumbaku? Amekonda? Yeye mwenyewe akiulizwa afya yake ikoje, anasemaje? Madaktari wa Marekani hujumlisha majibu kama haya kwa alama ili kukadiria miaka iliyobaki. Alama zenyewe zilitungwa kwa watu wao, kwa hiyo sisi tunatumia maswali na kuacha hesabu.

Kisha lije swali ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko yote, na liulizwe kabla ya picha, si baada: "Mama, picha ikionyesha kitu, utakubali sindano ya kuchukua kipande? Na sindano ikisema ni saratani, utakubali kufanyiwa upasuaji?" Akisema hapana kwa yote mawili, na amesema akielewa, picha ya nini? Akisema ndiyo, aelezwe njia ilivyo. Majibu ya picha huja kwa alama iitwayo BI-RADS. Sufuri si "hakuna kitu", ingawa wengi hurudi nyumbani wakishangilia. Maana yake picha haijatosha, arudi kwa nyingine au kwa ultrasaundi. Moja na mbili ni salama. Tatu ni kurudi baada ya miezi sita. Nne na tano ni sindano. Kwa anayetoka Bondo au Muhoroni kila hatua ni nauli ya watu wawili, maana hasafiri peke yake, na mwenye kulipa aulizwe mapema bima ya taifa ya SHA itabeba hatua zipi. Kadi ya NHIF, bima iliyoitangulia, haina kazi tena.

Mjukuu anayetafsiri asigeuke msemaji. Tunamwomba atafsiri swali, kisha anyamaze. Baadaye tunamuuliza nyanya, "Ukifika nyumbani utamweleza dada yako nini?" Akijibu "wamesema nina kansa", tumeshindwa kueleza na tunaanza upya. Na anayefaa kuacha asiambiwe "umebakiza miaka michache", kwani hilo hufunga masikio. Aambiwe: "Mwaka huu tushughulikie kwanza yanayoweza kukuangusha upesi, presha, macho, na hiyo miguu." Ajue pia kwamba kuacha picha si kuachwa. Akihisi uvimbe kesho, arudi kesho.

Anayechagua kupigwa picha aandaliwe vizuri. Avae blauzi na sketi, si gauni zima. Asijipake poda, marashi wala dawa ya kwapani siku hiyo, kwa sababu chembe zake huonekana kwenye picha kama zile chembe za chokaa zinazoweza kuashiria saratani. Picha za zamani azibebe, maana mengi yanayotisha huisha yakilinganishwa na ya miaka miwili nyuma. Kila titi hupigwa picha mbili, moja kutoka juu na moja kwa mshazari, likibanwa kwa sekunde chache. Hapo ndipo bega lisiloinuka na kibiongo huleta shida: titi haliingii lote, na sehemu ya karibu na kifua hukosekana. Mpiga picha aambiwe mapema, apewe kiti na muda. Ngozi ya chini ya titi la mzee ni nyembamba na huchanika ikivutwa kwa haraka. Jambo moja la kumpa moyo ni kwamba titi la uzeeni limejaa mafuta kuliko nyuzi, hivyo picha yake husomeka vizuri kuliko ya binti.

Likishaamuliwa, liandikwe kwenye kitabu chake cha kliniki. Bila hivyo, Oktoba ijayo watu wa hema wataanza naye upya. Mistari miwili inatosha: "Miaka 79, hana dalili, titi limekaguliwa kwa mkono, hakuna uvimbe. Ameelezwa mamogramu kwa Dholuo, amesema hataki sindano wala upasuaji, hapigwi picha. Aulizwe tena baada ya mwaka, au siku yoyote akiona mabadiliko." Kisha tarehe na sahihi ya aliyemuuliza.

Wahudumu wa kliniki ya matiti,
Kisumu