Mtoto wa Mbwa Amezidi Kung'ata Siku ya Nne? Usikatize Mafunzo

Sisi hufundisha watoto wa mbwa majumbani mwa wateja, na kuna simu ambayo huja siku ya nne au ya tano baada ya ziara ya kwanza. "Mlikuja, tukawalipa, na sasa anaruka na kung'ata kuliko zamani." Juzi mteja mmoja wa Ruaka alituandikia kwamba tumemla pesa, akataka arudishiwe. Hasira yake tunaielewa: watoto wana mikwaruzo mikononi na sweta za shule zimetoboka. Lakini yaliyompata ndiyo tuliyomwambia siku ya kwanza, na kwa kuwa lalamiko hili haliishi, tunalieleza hapa kwa kirefu.

Mtoto wa mbwa huruka kwa sababu kuruka kunamlipa. Akiruka, mtu humtazama, humsukuma, humkemea, humshika. Kwake yote hayo ni malipo, hata kelele. Siku mnapoacha kumlipa hakati tamaa; kwanza huongeza bidii. Huruka juu zaidi, hubweka, huvuta suruali. Vurugu hiyo hudumu siku chache kisha hushuka, mradi asipatikane wa kulegeza. Na hapo ndipo nyumba nyingi huharibu kazi. Baba amegeuka na kunyamaza kama tulivyoelekeza, dada wa kazi amechoka akamsukuma, askari wa geti anamshika miguu ya mbele na kucheza naye. Malipo yanayokuja mara mojamoja humfanya mbwa ashikilie tabia kuliko yale ya kila mara, kwa sababu amejifunza kwamba akizidi kujaribu, siku moja atapata. Kule Ruaka, askari hakuwa ameambiwa lolote.

Tukifika, kitu cha kwanza tunachoangalia ni mdomo. Meno ya utoto ni 28, na kwa kawaida huwa yametokea yote akifika wiki nane hivi. Ukiambiwa ana miezi miwili na meno ya nyuma bado, basi aliyekuuzia kando ya barabara amemtoa kwa mama mapema. Hasara yake ni hii: mtoto wa mbwa hujifunza kupima nguvu za taya kwa ndugu zake. Akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huisha. Aliyetolewa wiki ya tano amelikosa somo hilo, na sasa mwalimu ni mkono wako.

Somo lenyewe hufundishwa hivi. Meno yakigusa ngozi, usiuvute mkono kwa ghafla, maana kinachokimbia hufukuzwa. Ulegeze, uuache umekufa, kisha mpe kitu cha kung'ata. Kilicho bora zaidi ni taulo kuukuu lililosokotwa na kupigwa mafundo, refu kama mkono wako, ili vidole vyako viwe mbali na meno. Likokote sakafuni, usilipeperushe hewani, la sivyo unamfundisha kuruka. Akiliacha taulo na kurudia mkono, simama bila neno, toka, funga mlango. Sekunde 15 hadi 30 zinatosha. Ukikaa dakika kumi atakuwa ameshasahau kwa nini uliondoka. Rudi kwa utulivu, muendelee. Akirudia mara tatu mfululizo, hapo tatizo si adabu, ni usingizi. Umri huu hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Mwekeni mahali pake, pawe na maji na kitu cha kutafuna, mzime na televisheni.

Ndiyo maana malalamiko mengi ni ya saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Watoto wametoka shule, wazazi wametoka kwenye foleni ya barabarani, kila mtu anamtaka mbwa, na mbwa hajalala tangu saa nane. Alazwe kwa muda wa saa moja au mbili kabla ya watoto kufika, na jioni itabadilika. Watoto nao wafundishwe kusimama kama mti: mikono kifuani, macho juu, kimya. Mtoto anayekimbia akipiga mayowe ni mchezo ambao mbwa hawezi kuukataa. Aliye chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa dakika moja.

Kuruka kunahitaji kamba nyepesi ndani ya nyumba. Mgeni akibisha, ikanyage kamba mahali ambapo mbwa anaweza kusimama na kuketi lakini hawezi kuinua miguu ya mbele. Tupa punje chache za chakula chake sakafuni mgeni anapoingia, kichwa kiende chini. Miguu minne ikiwa sakafuni, mgeni amguse kifuani, si utosini. Ikiinuka, mkono unaondoka. Kuketi hufundishwa kwa kipande cha ini lililochemshwa, kikubwa kama punje ya ndengu: kipitishe juu ya pua kuelekea nyuma, makalio yatashuka yenyewe, mpe hapohapo kabla hajainuka. Dakika tatu, mara tatu kwa siku. Ini likizidi litamharisha, kwa hiyo sehemu kubwa ya zawadi itoke kwenye chakula chake cha siku. Na neno liwe moja kwa nyumba nzima. Baba akisema "sit", mama "keti" na cucu, yaani nyanya, "ikara thi" ya Kikuyu, mbwa anasikia kelele tatu.

Kati ya miezi minne na saba meno hung'oka, yanaota ya ukubwani 42, na kung'ata kunaweza kurudi kidogo. Kitambaa kilicholowa na kugandishwa kwenye friza humpoza, na karoti nzima ya baridi pia. Mifupa ya nyama choma hapana: mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyochoma koo na utumbo. Wala kiatu kikuukuu, maana hajui tofauti ya hicho na cha kwendea kazini.

Sasa njia za mkato. Ndara puani, pilipili mkononi, kumbana mdomo, kumpiga goti kifuani. Kuna watakaokuja kwa shilingi 1,500 na mnyororo wa kukaba, wamalize mchana mmoja, na mtoto wa mbwa atatulia kweli mbele ya macho yako. Ametulia kwa hofu. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma huacha kunguruma, hajaacha kuuma. Tumeitwa Syokimau kwa Rottweiler wa miezi minane aliyefundishwa hivyo, mwenye zaidi ya kilo 30, anayeuma mkono wowote unaokaribia kichwa chake bila kutoa onyo. Kazi ya namna hiyo huchukua miezi, na bei yake hailingani kabisa na ya mtoto wa mbwa.

Kifurushi chetu ni shilingi 15,000, ziara sita ndani ya wiki nane. Wengine huona ni nyingi, huuliza kwa nini tusimchukue wiki mbili tumrudishe ameiva. Kwetu angetulia, kwa sababu kwetu hakuna anayemlipa akiruka. Akirudi kwenu angeruka siku hiyohiyo. Tena chanjo zake za parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa, hazikamiliki mpaka wiki ya 16 hivi, na hatuwezi kumchanganya na mbwa wengine kabla ya hapo. Unacholipia ni sisi kuwafundisha watu wa nyumba yako, mpaka askari.

Jino likitoboa ngozi ya mtu, hata la mtoto wa mbwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo. Msipake majivu wala mafuta ya taa. Kichaa cha mbwa kikianza kuonyesha dalili, tiba ya kuokoa maisha ni kama haipo. Chanjo ya kichaa kwa mbwa huanza akiwa na miezi mitatu, na tunaomba kuona kadi yake kabla ya ziara ya pili.

Ziara ya kwanza tunapendelea Jumamosi asubuhi, wote wakiwa nyumbani, na askari wa zamu aitwe kwa nusu saa. Msimpe mbwa chakula cha asubuhi; kipimeni, mkiweke kwenye bakuli, tutamlisha wakati wa mafunzo.