Masharti ya wageni yaandikwe katika mkataba wa pango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu wapangaji na wenye nyumba wa Dar es Salaam, nalo ni mgeni: nani anaruhusiwa kumpokea, kwa siku ngapi, na kwa masharti ya nani.

Ninapanga chumba na sebule katika nyumba yenye wapangaji sita huko Mburahati. Mwaka jana mama yangu mdogo alikuja kutoka Songea kutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, akaandikiwa mionzi ya wiki 6, siku 5 za kila wiki, na ndugu aliye naye hapa mjini ni mimi peke yangu. Usiku wa nne mwenye nyumba aliniletea ujumbe kupitia kwa mkewe kwamba kwake mgeni halali zaidi ya siku 3. Sharti hilo sikuwahi kulisikia popote, si kwa dalali aliyechukua kodi ya mwezi mzima kuwa ujira wake, wala kwa mwenye nyumba mwenyewe siku nilipomkabidhi kodi ya miezi 6 mkononi.

Nilimhamishia gesti, kwa shilingi 15,000 kila usiku, fedha ambazo wajomba zangu walizichanga kwa kuuza mahindi. Fedha hata hivyo si ndizo zilizoniuma. Kilichoniuma ni kwamba mama mdogo alikuwa akirudi kutoka kwenye mionzi akitapika, hana nguvu ya kuinua hata ndoo ya maji ya kuoga, na hapakuwa na mtu wa kumkorogea uji hadi nitoke kazini saa 12 jioni, ilhali chumbani kwangu jirani zangu wawili walikuwa wameshajitolea kumwangalia mchana.

Hasira zilipopoa nilianza kumwelewa mwenye nyumba, na ningependa wapangaji wenzangu nao wamwelewe. Mita yetu ya maji ni moja na bili hugawanywa kwa vyumba, si kwa vichwa, kwa hiyo mgeni wa chumba kimoja anaoga kwa fedha za chumba cha pili. Umeme wa LUKU ni vivyo hivyo. Choo ni kimoja. Tena siku kikitokea kitu kikapotea, au askari wakitaka kujua ni nani aliyelala pale, anayeitwa kujibu ni mwenye nyumba. Desturi ya kumjulisha balozi wa nyumba kumi kwamba nyumbani kwako ameingia mgeni tunayo tangu enzi za TANU, nayo haikuwekwa bure. Mwenye nyumba ana haki ya kuweka masharti. Ninalolikataa ni sharti linalozaliwa siku mgeni anapofika na mkoba wake.

Wapo watakaonijibu kwa methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo naikubali, ila naomba isomwe yote. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa akieleza kwamba katika jamii zetu za asili kila mtu alikuwa mfanyakazi, akaongeza kuwa huenda mgeni mwenyewe angeliomba hilo jembe kabla mwenyeji hajampa. Maana yake ni kwamba siku ya tatu mgeni hafukuzwi. Anabadilishwa hali, anaacha kuwa mgeni na kuwa mmoja wa wanaokula na kulima pamoja. Na mgonjwa hapewi jembe. Mama mdogo hakuja kutembea wala kutafuta kazi mjini, alikuja kutafuta uhai, na kumpima kwa kipimo cha siku 3 kinachowafaa wageni wa matembezi ni kukosea hesabu tangu mwanzo.

Mahali pengine jambo hili limewekwa wazi zaidi. Gesti ile ilikuwa na karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango: kuondoka ni saa 4 asubuhi, anayelala wa pili analipiwa, na mapokezini kuna kitabu ambacho kila mgeni huandika jina, kazi, anakotoka na anakokwenda. Mama mdogo aliisoma karatasi ile siku ya kwanza na hakuwahi kugombana na mtu. Hospitalini nako saa za kuwaona wagonjwa zinajulikana, na mlinzi wa getini hazibadilishi kwa kuwa leo hakuupenda uso wako.

Mabweni ya vyuo vikuu yana funzo tofauti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanalijua neno kubebana, yaani mwenye kitanda kumlaza mwenzake aliyekosa chumba. Kanuni za mabweni haziruhusu, lakini vitanda haviwatoshi wanafunzi wote, kwa hiyo kubebana kumeendelea miaka na miaka kwa makubaliano ya wenye chumba, na anayebebwa hujifunza kuingia na kutoka kimyakimya. Hicho ndicho ninachokiona pia katika nyumba za kupanga. Sharti lisilotazama hali halisi haliwazuii wageni, linawafundisha watu kuwaficha. Ninamfahamu mpangaji aliyekuwa akimtoa mdogo wake kabla ya adhana ya alfajiri na kumrejesha baada ya taa za uani kuzimwa. Kijana yule angeugua usiku, au angeiba, hakuna ambaye angejua kwamba yumo ndani, na hapo ule usalama ambao mwenye nyumba aliutaka ndio uliopotea.

Watu wa pwani yetu walikwisha kulitatua hili zamani. Ibn Battuta, msafiri wa kutoka Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba vijana walikwenda kwa mashua hadi kwenye jahazi, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutamka kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara alikaa kwa mwenyeji huyo, na bidhaa yake iliyouzwa bila mwenyeji kuwapo haikuhesabiwa kuwa imeuzwa kihalali. Hakuna aliyefichwa, na mji mzima ulijua nani anamjibia nani. Nazo nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na ndani ya nyumba, ili aliyekuja na upepo wa kaskazi aweze kungoja upepo wa kusi wa kumrudisha kwao miezi kadhaa bila kuingilia faragha ya wenyeji. Walijua kwamba wapo wageni wa miezi, wakajiandaa kwa ajili yao kabla hawajafika, tangu msingi wa nyumba ulipochimbwa.

Sisi wa vyumba vya kupanga hatuwezi kujenga sabule, lakini mkataba wa pango tunao. Mikataba mingi ninayoiona ni ukurasa mmoja unaotaja kiasi cha kodi, tarehe na katazo la kugonga misumari ukutani, kisha unapelekwa ofisi ya serikali ya mtaa kugongwa mhuri. Naziomba ofisi hizo ziweke kielelezo cha mkataba chenye aya ya wageni. Aya hiyo iseme mgeni wa kawaida atalala siku ngapi, mpangaji atatoa taarifa kwa nani na kwa kitambulisho gani, na ataongeza kiasi gani kwenye bili ya maji na umeme kwa kila kichwa kinachozidi. Zaidi ya yote, itaje wageni wasiohesabiwa kwa siku 3: mgonjwa mwenye karatasi za hospitali, mama aliyekuja kumlea bintiye aliyejifungua hadi arobaini, na ndugu waliofika kwa msiba. Dalali naye aisome aya hiyo mbele ya mteja kabla hajapokea hata shilingi moja. Mwenye nyumba asiyetaka wageni kabisa aandike hivyo, na anayepanga kwake atakuwa amekubali kwa hiari yake.

Upande wetu wapangaji, tuache tabia ya kumleta mgeni usiku na kumtambulisha baada ya wiki. Mimi mwenyewe sikutoa taarifa kabla mama mdogo hajafika. Nilidhani ugonjwa wake ungejieleza wenyewe. Ningekwenda kwa mwenye nyumba siku 2 mapema, nikiwa na karatasi ya rufaa na fedha ya maji mkononi, pengine tungekuwa tumezungumza mambo mengine.

Mama mdogo anarudi kliniki mwezi wa tatu, na safari hii atakaa wiki 2. Nimeandika aya ya wageni kwa mkono kwenye karatasi, nikampelekea mwenye nyumba pamoja na fedha ya maji ya mtu mmoja. Fedha hajaipokea, karatasi ameichukua, na amesema tuisome pamoja Jumapili.

Mpangaji,
Mburahati, Dar es Salaam