Mwanangu, kuhusu Tufani na mtoto wa mjombako

Mwanangu, assalamu alaikum. Voisi zako zote nne za jana usiku nimezisikia, sikujibu kwa sababu babako alikuwa amelala hapo karibu na sitaki ayasikie haya tena, presha yake unaijua. Ndo maana naandika. Soma mpaka mwisho, usiruke kama kawaida yako.

Nasikia umeshawaambia wenzako kwamba Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiingia unakuja Lamu na unaingia mbio za punda, na kwamba utampanda Tufani, na mtoto wa mjombako akikunyima basi utatafuta punda mwingine mtaa wa Langoni ushindane naye mbele za watu mpaka umuaibishe. Maneno haya nimeyapata kwa jirani kabla sijayapata kwako, na yameniuma. Sikukatazi Maulidi, njoo, utaenda zako msikiti wa Riyadha na wenzako kama kila mwaka. Lakini kushindana na mtoto wa mjombako, hilo nakuomba usifanye.

Najua ilivyokuwa siku ile Shela. Sikuwepo lakini nimesimuliwa na watu watatu, na wote wanasema Tufani alikuona akasimama na shogi zake za mchanga mgongoni akagoma kwenda, masikio mbele, akalia mpaka watu wakatoka majumbani, kisha akaja akakutia pua kwapani kama alivyokuwa akifanya. Naamini. Punda hasahau, na miaka sita kwake si kitu. Lakini kukukumbuka hakumfanyi kuwa wako tena mwanangu, na wewe tangu siku ile unaongea kama mtu mwenye hati mkononi.

Mtoto wa mjombako alimnunua kwa pesa yake. Yule mtu wa mchanga alikuwa ashammaliza, kidonda mgongoni kama kiganja changu hiki, kinanuka. Kijana akawa anampeleka hospitali ya punda pale pwani kila asubuhi mwezi mzima, na dawa pale ni bure tangu ilipofunguliwa 1987 lakini nani anaamka alfajiri kumkokota punda anayechechemea? Aliamka yeye. Wewe ulikuwa Mombasa, na si kosa lako, ulikuwa shule, lakini aliamka yeye.

Na kuhusu hilo la kumwita mnafiki, ati alijua ni Tufani miaka yote mitatu akakuficha, hilo neno lirudishe. Alikuja kunambia siku ile ile aliyomnunua. Mimi ndo nilimwambia asikwambie. Niliona umeshatulia na masomo, nikasema kuna haja gani. Kwa hiyo ukitaka kumtukana mtu kwa hilo unajua pa kupiga simu.

Mwaka ule wa 2019 karo ilikuwa imesimama na mashua ya babako haina injini. Yule mtu wa mchanga alinipa 15,000, nikamuuzia Tufani. Wewe ulipokuta kamba tupu uani ukasema ni wezi wa ngozi, maana wakati ule punda walikuwa wakiibiwa Kenya nzima wapelekwe machinjioni, ngozi ziende China zikachemshwe dawa. Mimi sikusema ni wezi. Sikusema si wezi pia. Na 2020 serikali ilipopiga marufuku kuchinja punda ukanijia na redio mkononi, machozi yanakutoka, unasema mama wamechelewa, nami nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, nikaendelea kukuna. Nilikuna mpaka kifuu. Haya, umejua.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi, na usiniambie mama unaogopa bure. Pwani siku ya mbio unaijua, watu wamejaa mpaka ukingoni, watoto wamekaa ukutani miguu inaning'inia, na nyinyi mnapanda bila tandiko. Mtoto wa mjombako akiwa juu ya Tufani na wewe uko pembeni kwa punda mwingine, ukimwita jina tu, mara moja, Tufani atageuka. Atageuka pale pale katika mbio. Wewe unajua atageuka na mimi najua umeshalifikiria, maana nimekuzaa. Huyo mwenzako ataangukia wapi? Kwenye mawe. Nitamwambia nini kakangu?

Kushinda unaweza, hakuna anayebisha, hata mjombako mwenyewe husema mikono yako ni myepesi kwa punda kuliko ya mwanawe, na husema mbele yake, jambo ambalo nimemwambia mara ngapi aliache. Pengine na hilo limo katika ugomvi huu.

Tangu uondoke, Tufani anakata kamba. Kila alfajiri nikifungua mlango nakuta amesimama hapa uani kwetu, anakula maganda ya maembe ya jana, na huyu jike wetu hamtaki kabisa, anampiga mateke na kumng'ata shingo, ndoo ya pumba imepasuka. Mtoto wa mjombako huja kumchukua. Zamani angeingia, akae pale chini, anywe chai na mahamri matatu ndo aende. Sasa anasimama nje. Anasalimia, anafunga kamba, anaondoka. Juzi nilimtolea kikombe mpaka mlangoni akasema amefunga, na haikuwa Jumatatu wala Alhamisi. Mjombako naye Ijumaa mbili hajafika hapa kula. Sina kaka mwingine.

Mpigie. Usimtumie maandishi, mpigie, leo usiku baada ya isha, yeye huwa amekaa uwanjani Mkunguni wakati huo. Usianze na habari ya punda. Muulize mkono wake, aliteguka wiki iliyopita akishusha mawe. Halafu mwambie mbio ni zake mwaka huu, na wewe ukija utamshikia Tufani wakati wa kuanza, maana akikuona hapo mwanzo atatulia. Mimi nimeliwaza hilo siku tatu. Kama una njema zaidi fanya, lakini hilo la kumwita jina niapie hulifanyi.

Yule wakala wa Qatar kasemaje? Usimpe pesa nyingine mpaka uone mkataba wenye jina lako na mshahara umeandikwa, na usimwachie pasipoti, nimekwambia. Kopi ya cheti chako cha kuzaliwa iko kwenye kabati la dadako, chini ya kanga. Yeye hajambo, anakudai ile bando. Nyanyako goti limepungua kuvimba, anasema uje na dawa ya kuchua ile ya kopo la kijani, si nyingine. Tangi la juu linavuja tena, babako amelifunga kwa mpira wa baiskeli.

Na ukipita sokoni Mombasa tafuta kamba ya katani, nene. Mtoto wa mjombako alisema, kabla hamjagombana, kwamba hizi za nailoni zinamchuna Tufani shingo. Nunua mbili.

Mamako