Barua kwa shangazi: ile tikiti ya kushuka mara mbili usiinunue

Shangazi yangu, shikamoo. Juzi kwenye simu uliniuliza Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi nikakujibu haraka haraka kumi na tano, laini ikakatika, nikajua umebaki na wasiwasi, basi nakuandikia hapa na wengine wenye wazee wanaosafiri wasome pia.

Ni kama kilomita 11,800. Safari ndefu unayoijua wewe ni ya Mombasa Nairobi si ndo? Sasa hiyo uende na kurudi mara kumi na mbili. Ndege ya moja kwa moja inakata Sahara, inavuka Atlantiki, haitui mahali. Kabla ya Oktoba 2018 ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya kuja Marekani haikuwepo, ndo maana mimi nilikuja kwa kuunganisha, ya pili ikaniacha nikalala kwenye viti vya eapoti ya ugenini begi nimelifanya mto, jumla masaa 31. Kwa hiyo ile tikiti ya bei poa uliyoonyeshwa, ya kushuka na kubadilisha ndege mara mbili njiani, hapana shangazi. Na goti lako lile? Pesa itakayopungua nitaongeza mimi.

Saa zisikuchanganye. Tuseme ndege imeruka saa sita usiku, ukifika saa yako ya mkononi itasema saa tisa alasiri lakini huku ndo kwanza saa moja asubuhi, maana New York iko nyuma ya Kenya kwa masaa 8, na kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba ni 7. Kurudi ni kufupi kidogo, kama masaa 14, kwa sababu huko juu kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, ukija unakukabili, ukirudi unakusukuma. Wewe umezaliwa pwani, babu alikuwa akikuhadithia majahazi yanavyoshuka na kaskazi na kupanda na kusi, basi ndege nazo hivyo hivyo.

Halafu ile hofu yako ya kukosa pumzi. Ndege yenyewe ni Dreamliner, yaani Boeing 787, nje inakuwa juu kilomita kumi na zaidi na baridi ya kuua, lakini ndani hewa inashikiliwa isiwe nyepesi kuliko ile ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800, na Nairobi yenyewe iko karibu hapo hapo. Ulikaa Nairobi wiki mbili kwenye harusi ukapumua vizuri tu.

Kinachonihangaisha mimi ni miguu. Omba kiti cha kando ya njia, kila masaa mawili inuka utembee mpaka nyuma urudi, maji unywe hata kama huoni kiu. Dawa za presha ziweke kwenye mkoba wako wa mkononi, sio kwenye sanduku linaloenda chini, na umuulize daktari kabla hujaondoka utazimeza kwa saa za wapi.

Ukitoka pale nje nitakuwa nimesimama na koti lako, nimeshalinunua, lina kofia.