Mdogo wangu, mwache mtoto asimame

Mdogo wangu mpenzi,

Picha uliyonitumia jana kutoka Dodoma nimeirudia mara nyingi. Mtoto amelala, wewe umemshikia kijiko, na chini umeandika: "Siku ya 12, sitaki ajichoshe." Ni siku ya 12 tangu apandikizwe uloto, ile tishu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Nakujibu hadharani kwa sababu akina mama wengi tunafanya hivyo hivyo.

Shemeji yako alipopandikizwa uloto India, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, alibisha hodi kila asubuhi. Nikawa namrudisha: mgonjwa hajalala, mdomo umejaa vidonda, njoo kesho. Chembe zake za damu zilipopanda tukarudi nyumbani tukishukuru Mungu. Siku ya pili akaingia chooni, akashindwa kuinuka. Mapaja yalikuwa yamekwisha. Nilimwita kijana wa jirani anisaidie kumnyanyua, na sijasahau uso wa mume wangu siku ile.

Najua ulivyolia kwa furaha mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilipoanza kuwapandikiza uloto watoto wa selimundu (sikoseli). Umesubiri sana. Lakini kemo, zile dawa kali zinazofuta uloto wa zamani, zinamdhoofisha mtoto, na zile wiki mbili hadi nne za kusubiri chembe za uloto alizopewa na dada yake zishike, kitanda nacho kinakula misuli.

Utengamao wenyewe, yaani kumrudishia mtoto nguvu, hauanzi na makubwa. Ale akiwa ameketi kwenye kiti. Asimame na kukaa mara tano. Atembee kutoka dirishani hadi mlangoni, umemshika, maana kizunguzungu kinaangusha. Avute pumzi ndefu mapafu yafunguke. Ila kila asubuhi uliza majibu ya damu kwanza: chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka sana anaweza kuvuja damu, na akiwa na homa pia watampunguzia mazoezi, pengine abaki kunyoosha viungo tu.

Tena usiwafiche madaktari habari ya nyonga. Mwaka jana alikuwa anachechemea, ukasema ni michezo ya watoto. Selimundu hunyima mfupa wa nyonga damu mpaka ukafa, na uloto mpya haufufui mfupa uliokufa. Waipime, ndipo wapange atembee kiasi gani na aepuke nini. Hili naliogopa kuliko yote, ndiyo maana sikulala.

Kesho mtaalamu akibisha hodi, usimwambie arudi baadaye. Halafu nitumie picha nyingine, mtoto akiwa dirishani, hata kama amekuegemea.

Dada yako